Neno "Kuhini"

Mzee mmoja wa Mufindi alituomba tumwandikie barua, kwa kuwa ujira wake wa kuchuma majani ya chai ulikuwa haujalipwa. Tukaandika, "Mmeninyima ujira wangu." Si kosa, hata Mithali 3:27 yatumia kunyima kwa habari ya haki ya mtu. Lakini hata chumvi ya kuombwa kwa jirani mtu aweza kunyimwa! Basi tukafuta, tukaandika, "Mmenihini." Neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na hiana na mhaini. Mzee akauliza kama halitawaudhi wenye shamba. Tukamjibu kwamba huenda likawaudhi. Akatia kidole gumba katika wino.