Mwani Wetu na Njia Yake Isiyoonekana

Mnunuzi wa Ulaya akigeuza kopo la aiskrimu huenda akasoma humo E407. Hiyo ni karajinani, utomvu utolewao katika mwani, nao hutiwa ili chakula kishikane. Maandishi hayo hayamwambii mwani ulitoka pwani gani, wala pwani hiyo imebaki katika hali gani.

Sisi wa Pemba twaijua. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989 kwa mbegu za Ufilipino, kisha ukaenea, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka huku kwetu. Wakulima wake wengi ni wanawake. Siku za bamvua jamvi la chuo chetu huwa na nafasi tupu, kwani watoto wamewafuata mama zao pwani. Hatuwalaumu, fedha ile ndiyo inunuayo madaftari.

Lakini kila kamba ya mwani hufungwa katika vigingi viwili, na vigingi vingi hukatwa katika mikoko. Mkoko ndio ushikao tope la ukingo na kuwalea kaa na samaki wadogo. Chini ya kamba, nyasi za bahari hukanyagwa, hung'olewa, hunyimwa jua. Na humo ndimo tasi hujilisha. Vikamba vya plastiki vikikatika huchukuliwa na maji. Yote haya yamekwisha kutendeka kabla ya gunia la kwanza kupakiwa melini, na hesabu ya mfanyabiashara huanzia kwenye gunia.

Wala tusijihesabu sisi kuwa wenye kudhulumiwa tu. Mafuta ya kupikia yauzwayo madukani kwetu, mengi ni mawese ya Malaysia na Indonesia. Mwaka 2015 moto wa kusafishia mashamba uliunguza misitu na ardhi ya mboji huko Sumatra na Kalimantan, hata moshi ukafika Singapore. Aliyekaanga maandazi Chake Chake mwaka huo hakuwa na njia ya kuyajua hayo kwa kutazama dumu.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kumtaka mwenye kuingiza mawese, kahawa, kakao, soya, mpira, mbao au mazao ya ng'ombe aonyeshe kipande cha ardhi yalikotoka, ili ijulikane kama msitu ulifyekwa. Twaiona ni hatua ya maana, kwani swali limepelekwa kwenye chanzo. Mwani haumo katika orodha hiyo.

Iko njia ya kulima mwani katika maji ya kina, kamba zikielea kwa maboya, bila vigingi vingi hivyo. Yataka chombo, na yataka kujua kuogelea, jambo ambalo wengi wa mama zetu hawakufundishwa. Basi mwenye kiwanda atakaye mwani usiokatiwa mkoko na atutajie atainunua kilo kwa bei gani, maana kwa bei ya sasa mkulima hanunui chombo.