Nesi Anajua, Lakini Kwenye Kikao Ananyamaza

Wasee, leo tuongelee siku 56. Kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, 2024, madaktari wa hospitali za umma Kenya walikuwa kwenye mgomo. Chama chao, KMPDU, kilikuwa kinadai mkataba wa 2017 uheshimiwe na madaktari wanagenzi walipwe walichoahidiwa. Nairobi kulikuwa na filimbi, mabango na kamera kila kona.

Huku Tana River, siku hizo hizo, mto ulifurika. Barabara ya Garissa kuja Garsen ikakatika. Mwezi wa Aprili boti likapinduka pale Kona Punda, upande wa Garissa, na watu wakafa wakijaribu tu kuvuka maji.

Sasa jiulize, mgonjwa wa Bura wakati huo aende wapi? Barua ya rufaa ni karatasi tu kama hakuna barabara. Unabaki na walio karibu: nesi wa zahanati, na yule mama wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba na begi lake. Hao ndio huduma ya afya ya msingi. Ni chanjo ya mtoto, kliniki ya mjamzito, kupima malaria, dawa ya kuhara, na mtu wa kukuambia mapema kwamba presha yako imepanda. Wao wakiwa na dawa, wengi hawafiki hata kuhitaji hiyo rufaa.

Ndiyo maana naamini kazi yao isiishie kwa sindano. Hao ndio wanafaa kuwa mstari wa mbele kupigania pesa za zahanati. Kila mwanasiasa anapenda kuzindua jengo, kukata utepe, kupigwa picha na ambulensi mpya. Friji ya chanjo iliyoharibika haikatiwi utepe. Anayejua imeharibika ni nesi. Anayejua dawa ziliisha tarehe gani, na ni wangapi wamerudi nyumbani mikono mitupu, ni yeye. Ameandika yote kwenye daftari lake.

Shida ni kwamba kwenye kikao ananyamaza. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kukusanya maoni ambapo wazee waliomba hospitali kubwa, vijana wakaomba uwanja, na nesi, ambaye zahanati yake sote tunajua ina upungufu, akakaa nyuma kimya hadi mwisho. Nilipomuuliza baadaye akaniambia mkubwa wake alikuwa meza ya mbele, na barua ya uhamisho haichelewi. Ana watoto shuleni. Wewe ungesema?

Kuna wanaosema wahudumu wakifungua mdomo ni mshahara tu wanataka. Kwanza, mshahara ni haki. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa na serikali Septemba 2023 walipangiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Hiyo ni pesa ya mtu kujinunulia gari? Lakini pia ni kweli kwamba tunawasikia sana siku ya mgomo, na hatuwasikii siku ya bajeti. Wakisema dawa na mshahara kwa pumzi moja, mwananchi ataona vita ni vyake pia.

Na sheria iko upande wao. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya zahanati, ambulensi na kukuza afya ya msingi. Oktoba 2023 Rais alitia saini Sheria ya Afya ya Msingi. Tangu SHA ianze Oktoba 2024, kuna mfuko maalum wa kulipia huduma za zahanati na vituo vya afya, ili mgonjwa asitoe kitu mfukoni. Karatasi zimejaa. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama aseme: huku kwetu hiyo pesa imefika, ama haijafika.

Hapo ndipo sisi vijana tunaingia. Nesi mmoja akisimama peke yake anahamishwa. Akisimama na kamati ya zahanati, mama wa afya ya jamii, na vijana 40 waliokuja na maswali yale yale, utahamisha kijiji kizima? Kama yeye hawezi kusema, tumwombe hesabu bila majina ya wagonjwa, tuziseme sisi.

Tarehe ziko wazi. Mpango wa maendeleo wa kaunti unapelekwa bungeni kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hizo tarehe kuna vikao, na mara nyingi viti vya vijana viko tupu. Wiki hii pita zahanati ya kwenu hata kama huumwi. Uliza swali moja tu: sista, ni nini kimeisha, na kimeisha tangu lini? Andika jibu. Kikao kikiitwa, njoo nalo.