Usiogope kumtaja bro wangu

Wasee wangu, leo sina skiti wala utani. Nataka kuongea kuhusu vile sisi huomboleza, na nitatumia mfano wa bro wangu mkubwa, kwa sababu huo ndio msiba ninaoujua.

Maoni yangu ni haya: mtu akifiwa, usiogope kumtaja marehemu mbele yake. Wengi hunyamaza wakidhani wanamlinda mwenye msiba. Kwa nyumba yetu, hicho kimya kilituumiza kuliko swali lolote.

Bro alifariki Novemba 2023 kwa ajali ya barabarani, akiwa na miaka 26. Mtaani walimwita Kapteni. Alicheza beki ya kushoto, jezi namba 3, na siwadanganyi ati alikuwa staa. Mguu wake wa kulia ulikuwa wa kutembelea tu. Lakini ndiye aliyefika uwanjani kwanza, ndiye aliyeokota chupa za maji mechi ikiisha, na ndiye aliyejua ni mchezaji gani hajala tangu asubuhi.

Nyumbani, mathe alimwita Baba, kwa sababu alipewa jina la babu yetu mzaa mama. Jumapili ilikuwa siku ya chapati, na bro alikuwa na sheria moja: simu zote ndani ya sufuria mpaka watu wamalize kula. Mechi yao ikichelewa kuisha, angeingia na njumu zimejaa matope, mathe anamfukuza akazivulie nje, sisi tunacheka.

Mwaka wa 2012 nilikuwa na miaka 9. Usiku mmoja wa Novemba alinibeba kwa jirani aliyekuwa na dishi tukaangalie Celtic wakicheza na Barcelona. Kona ikapigwa, Victor Wanyama akaruka, kichwa, goli! Mkenya wa kwanza kufunga kwenye Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Celtic walishinda 2-1. Kakake mkubwa, McDonald Mariga, alikuwa ameshaicheza ligi hiyo mwaka wa 2010 akiwa na Inter Milan. Tukirudi nyumbani gizani bro akaniambia, "Umeona? Mkubwa anafungua mlango, mdogo anaingia anafunga."

Nilidhani anaongea mpira tu. Miaka ikapita, akapata kazi, na nilipojiunga na chuo akaanza kulipa nusu ya karo yangu. Hakuwahi kunikumbusha hiyo pesa hata siku moja. Alipoenda nilikuwa mwaka wa pili, na huo ndio mwaka niliacha masomo. Mkiniuliza kila siku mbona sikumaliza chuo, jibu ndilo hilo. Upendo wake ulikuwa unaonekana mpaka kwa risiti za benki.

Sasa turudi kwa kimya.

Kundi letu la WhatsApp la michango ya mazishi lilikuwa na watu zaidi ya 140. Kwa kuchanga, Wakenya tuko sawa kabisa, na nitashukuru milele. Watu walituma mia mbili, walituma elfu, walileta sukari na viti. Tukazika Jumamosi. Kufikia Jumatano watu walikuwa wanatoka kwa kundi mmoja baada ya mwingine, na kutoka hapo hakuna aliyemtaja tena. Marafiki zake wakikutana na mathe sokoni wanaongea bei ya nyanya. Sisi wenyewe nyumbani tukawa vivyo hivyo. Jumapili chapati zilipikwa, lakini kila mtu alikula na simu yake mkononi. Jezi namba 3 iliwekwa kwa sanduku juu ya kabati, na hakuna aliyeuliza nani ameiweka huko.

Halafu Februari 11, 2024, Kelvin Kiptum akafa kwa ajali ya gari pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24 tu. Bro alikuwa amemwona Kiptum akivunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago, Oktoba 8, 2023, kwa saa 2 na sekunde 35. Ilikuwa Jumapili. Siku hiyo sheria ya sufuria aliivunja mwenyewe, akawa anaruka na simu mkononi akipiga kelele, "Sekunde 35 tu! Zimebaki sekunde 35 ashuke chini ya saa mbili!" Mwezi uliofuata tulimzika bro, na miezi mitatu baadaye Kiptum naye hakuwa.

Nilichoona wakati huo kilinishtua. Nchi nzima ilimwongelea Kiptum. Kwa matatu, kwa kinyozi, kwa kibanda, kila mtu alikuwa na hadithi: alivyokimbia, alikotoka, alichokuwa akipanga kufanya. Watu walilia wakimtaja, na bado wakaendelea kumtaja. Nikajiuliza, mbona tunaweza kumwongelea kijana ambaye wengi wetu hatukuwahi kukutana naye, lakini huyu aliyelala kitanda cha juu yangu miaka kumi hatuwezi hata kumtaja?

Aliyetuokoa ni shosh. Kila Desemba 26 ushago, bro alipanga mechi ya mabinamu dhidi ya wajomba, kwenye shamba la kulishia ng'ombe, magoli ni mawe mawili mawili. Kombe lilikuwa jogoo wa shosh, na jioni timu zote mbili zilimla pamoja. Desemba 2023 hakuna aliyethubutu kuleta mpira. Desemba 2024 tukakaa tena kama wageni, mpaka shosh akatoka jikoni na jogoo kwapani. Akatuangalia. "Huyu mjukuu wangu alikuwa anapanga mpira hapa. Mnataka nimrudishe jogoo bandani nimwambie nini?"

Mathe akaanza kulia. Halafu katikati ya machozi akasema, "Na Baba alikuwa hapigi mguu wa kulia, jameni." Tukacheka mpaka wengine tukakaa chini. Tulicheza. Binamu yetu wa miaka 13 alisimama beki ya kushoto. Wajomba walishinda, ila jogoo aliliwa na wote, na kila mtu mezani alikuwa na hadithi ya Kapteni. Nyingine hata mimi sikuwahi kuzisikia.

Siku hizi nyumbani anatajwa kila wiki. Agosti 2025 Harambee Stars walipoifunga Morocco 1-0 pale Kasarani kwenye CHAN, tukiwa wachezaji 10 kipindi chote cha pili, mathe ndiye aliyesema, "Leo Baba angevunja kiti." Alilia kidogo, akaenda kuongeza chai. Yale machozi hayakumuua. Kimya ndicho kilikuwa kinammaliza.

Kwa hivyo kama rafiki yako amepoteza mtu, usiishie kwa "pole, jikaze". Mchango ukiisha na hema likishushwa, mpigie simu umwambie kitu unachokumbuka kuhusu marehemu, hata kama ni kitu kidogo cha kuchekesha. Akilia, mngoje amalize. Na ukikutana nami mtaani na uliwahi kucheza na Kapteni, tafadhali nisimamishe. Nina muda wa kusikiliza.