Chini ya Utepe wa Misuli

Makongeni waliniita daktari, nami nikaliacha jina hilo linishike. Nilikuwa mwanafunzi wa maabara tu, najifunza kukata vipande vya nyama vyembamba na kuvipaka rangi katika hospitali moja jijini. Lakini kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kando ya Jogoo Road, mtu akiumwa jioni aliletwa kwetu, nami nilijibu kila swali.

Mama mmoja jirani yetu, fundi wa kushona sare za shule, aliingizwa kamera tumboni kwa maumivu yaliyokuwa yakimwamsha usiku. Vipande alivyotolewa vilifika kwetu maabara katika vichupa vya fomalini. Kimoja kiliandikwa kwamba kimetoka mwisho wa mfuko wa tumbo, karibu na mlango wa kuingia utumbo mdogo. Nililitambua jina lake. Kazi yangu ilikuwa kutayarisha slaidi na kuzipeleka kwa mtaalamu wa patholojia. Nilizisoma mwenyewe kwanza.

Pale mlangoni utando wa ndani hubadilika sura. Upande wa mfuko wa tumbo kuna vishimo virefu vilivyopangwa na seli za ute, na chini yake tezi za ute zenye rangi iliyofifia. Ukivuka, utando unainuka kama vidole vidogo, na katikati ya seli zake zinatokea seli za gobleti: zimevimba kwa ute, na kwenye rangi zetu za zambarau na waridi huonekana kama matundu matupu. Mfuko wa tumbo wenye afya hauna seli hizo. Zikionekana humo, utando umeanza kugeuka kuwa wa utumbo, na hali hiyo huongeza hatari ya saratani.

Niliziona seli za gobleti, na chini yake nikaona tezi zilizofifia. Nikaamua hapo hapo: tezi ni za mfuko wa tumbo, seli ni za utumbo, basi tumbo limegeuka.

Kumbe utumbo nao una tezi zinazofanana mno na zile. Ni tezi za Brunner, zilizopewa jina la Johann Conrad Brunner aliyezieleza mwaka 1687. Hutoa ute wa alkali unaopunguza makali ya asidi inayoshuka kutoka tumboni. Kwa sura tu utazichanganya. Lazima utazame zimekaa wapi. Chini ya utando wa ndani hupita utepe mwembamba wa misuli. Tezi za mfuko wa tumbo hukaa juu ya utepe huo, na sehemu kubwa ya tezi za Brunner hukaa chini yake. Kwenye slaidi ile utepe ulikuwepo, wa waridi, umepinda kidogo, na tezi zote zilikuwa chini yake. Aliyechukua kipande alikuwa amevuka mlango bila kujua. Nilichokuwa nakitazama ni utumbo mzima, usio na kasoro.

Jioni ile, kabla sijayajua hayo, nilibisha kwa jirani yule. “Mama, ni mwanzo wa saratani,” nikamwambia. Hata kama ningekuwa nimesoma sawa, maneno hayo yasingekuwa kweli, kwa sababu wengi wenye mabadiliko ya aina ile hawapati saratani kamwe. Isitoshe, siri ya mgonjwa haikuwa yangu kuibeba mpaka mlangoni kwake. Kabla ripoti haijatoka alikuwa ameuza cherehani na kukopa kwenye chama, akijiandaa kwa upasuaji.

Ripoti ya mtaalamu ilisema utumbo ni mzima, na kwamba vipande vingine, vya mfuko wa tumbo, vina bakteria wa H. pylori. Ndio walioonyeshwa na Barry Marshall na Robin Warren kuwa chanzo cha vidonda vingi vya tumbo, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Alitibiwa kwa antibiotiki, na maumivu yakaisha.

Aliponiuliza imekuwaje, nilimwambia madaktari wamebadilisha majibu. Akawalaumu wao, nami nikanyamaza, nikaendelea kuitwa daktari.

Mama, hakuna aliyebadilisha jibu. Ripoti ilikuwa moja. Ile ya kwanza niliitunga mimi, na hasara uliyoipata ni deni langu.