Mgongoni mwa Ukuta

Kutoka mpakani Sirari hadi Tarime mjini, nyumba nyingi zimekaa kwenye miteremko. Mwenye kiwanja huchimba upande wa juu, akajaza kifusi upande wa chini, akapata uwanja wa kusimamisha nyumba. Kisha hujengwa ukuta wa kuzuia udongo.

Kwa mbele kuta hizi zinapendeza. Wapo waliochora mistari ya saruji kuzunguka kila jiwe, wakaipaka rangi nyeupe, na juu wakapanda bogenvilia. Ila tafuta matundu ya kutolea maji: mara nyingi hayapo. Huku mvua ni ya kutosha, ndiyo inayolea kahawa na migomba ya milimani. Ikizama kwenye kifusi kilichoshindiliwa nusunusu, haina pa kutokea. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo msukumo unavyokuwa mkubwa. Ukuta uliokusudiwa kuzuia udongo unajikuta umezuia bwawa, kisha unafura tumbo upande wa chini. Mabomba machache ya plastiki yangetosha kuuokoa, na bei yake haifiki ile ya rangi.

Kwenye mteremko mmoja nilimkuta fundi asiye na mfuko hata mmoja wa saruji. Alikuwa akipanga mawe makavu, yale marefu akiyaelekeza ndani, mlimani. "Mura, jiwe linaloshika kwa uso tu halijakaa," aliniambia bila kuinua kichwa. Ukuta wake ulifika kiunoni. Upana wa chini ulikuwa kama nusu ya kimo, wote ukiegemea mlima kidogo, na mgongoni alimwaga kokoto na vipande vya mawe ili maji yapenye popote yatakapo. Anayetaka mita mbili, alisema, ajenge kuta mbili fupi, moja nyuma ya nyingine, na katikati apande majani ya tembo. Mizizi inashika udongo na ng'ombe wa zizini anapata chakula. Ushauri huo ulinivutia kuliko ukuta wenyewe.

Si ufundi mgeni upande huu wa Ziwa Victoria. Ng'ambo ya mpaka, katika kaunti ya Migori, kuta za Thimlich Ohinga zimesimama kwa karne kadhaa bila tone la saruji, nyingine zikifika mita 4.5, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Zile zililinda maboma na mifugo, hazikuzuia mlima. Hata hivyo mpangaji mawe yeyote atautambua ujanja wake: mawe makubwa nje na ndani, madogo yakijaza katikati.

Nikashuka Mugumu, wilaya ya Serengeti, na mambo yakabadilika. Ardhi inanyooka, na mabondeni kuna udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Kuta ndefu hapa naziona kama nguo ya kuazima. Ukirudisha udongo huo huo nyuma ya ukuta, kila masika unausukuma upya, hata kama mteremko ni mdogo. Wenye busara huutoa, wakajaza maramu.

Bustani nayo ni hesabu nyingine. Kule Tarime mgomba kando ya ukuta ni chakula. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, mgomba ni mwaliko kwa tembo, na tembo hapiti mlangoni. Huko mkonge au minyaa ina maana zaidi. Mikaratusi ningeiweka mbali na kuta zote, za juu na za chini, ingawa fundi wa Tarime angebishana nami.

Mama mmoja mjini Mugumu alikuwa ameshashusha mawe uani. "Mwanangu, niujenge mrefu kiasi gani?" Tukavuta mpira wenye maji kutoka kona hadi kona kupima usawa. Tofauti haikufika magotini. Maji yaliyokuwa yakimsumbua yalitoka barabarani, upande wa juu. Tukapigilia vigingi vya mtaro wa kuyakinga na kuyapeleka kwenye migomba ya jirani, aliyekubali kwa furaha. Mawe, mama akasema, yatatosha ngazi za kwendea bafuni.