RANGI JUU YA RANGI



Mliokuja ofisini kwangu mmekiona kile kichwa cha treni cha dizeli juu ya meza. Ni mfano wa plastiki, umepunguzwa mara 87 kutoka kile halisi, na ulitoka Marekani ukiwa umeandikwa Southern Pacific. Mwezi huu nimekuwa nikiupaka rangi upya ili uandikwe Kenya Railways. Ndugu yetu mmoja kijana amekuwa akinisaidia jioni. Mnamjua. Ametoka mbali, na mtaani bado wanamwita kwa lile jina la zamani. Amenipa ruhusa niandike haya.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Pasta, si tupake tu juu?"

Hata reli zenyewe hufanya hivyo. Union Pacific iliponunua Southern Pacific mwaka 1996, vichwa vingi viliendelea kukimbia kwa miaka na rangi ya zamani, vikiwa na kiraka tu penye namba. Lakini kwenye mfano mdogo, ukipaka juu ya herufi, bado utazisoma ukiinamisha bodi kwenye mwanga.

Kwa hivyo tulivua bodi, tukaweka mota na magurudumu kando. Thina kali ingetoa rangi haraka, lakini ingekula na plastiki. Tulichukua alkoholi ya isopropili, tukaijaribu kwanza upande wa ndani usioonekana, tukaloweka, tukasugua polepole kwa mswaki mkuukuu. Jioni tatu. Herufi zikatoka moja moja, na bodi ikabaki nzima.

Tukaosha kwa sabuni, tukapaka praima, rangi, kisha vanishi ya kung'aa. Herufi mpya huja zimechapishwa kwenye karatasi. Unazilowesha majini na kuzitelezesha mahali pake. Juu ya rangi yenye mikwaruzo, hewa hubaki chini yake na zinaonekana kama magamba. Zikikauka, unazifunika kwa vanishi nyingine ili zisibanduke.

Sasa nisikilizeni. Jumapili ijayo ndugu huyu anaanza kuhudumu, na wengine mmenitumia ujumbe: "Pasta, kweli huyo ashike kapu la sadaka?"

Nimezisoma zote. Sikumpaka rangi juu juu. Nimekaa naye, na mambo yake ya kale tumeyataja moja moja mbele za Mungu. Sadaka itahesabiwa na watu watatu, kama ilivyo kwa kila mhudumu. Lakini minong'ono, macho ya pembeni, kumwita lile jina akipita, hiyo ni thina. Haimtoi mtu dhambi, inamla yeye mwenyewe.

Wanafunzi wa Yerusalemu walimwogopa Saulo, na walikuwa na sababu. Barnaba hakuwakemea. Alimshika Saulo mkono, akaingia naye.

Mpendwa, kanisa letu linahitaji akina Barnaba wangapi? Kapu likifika kwenye kiti chako Jumapili, mtazame usoni, umsalimie kwa jina lake. Hilo tu. Jina jipya hushika vizuri mahali palipoandaliwa, na wa kumwandalia ni mimi na wewe.

Kama uko tayari, andika AMINA.