Nilipoandika "Anasoma"

Mwishoni mwa Novemba 2017 niliandika neno "anasoma" mbele ya jina la mtoto niliyejua kwa hakika kwamba hasomi. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini ya orodha, nikaipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu isainiwe. Hakuna aliyenishika mkono. Shule zilifungwa, na Januari mtoto yule akaingia darasa la tatu.

Nilikuwa nafundisha shule ya kijiji wilayani Kilosa. Watoto wale nilianza nao darasa la kwanza Januari 2016, mwaka ule elimu bila malipo ilipoanza. Nchi nzima walioandikishwa darasa la kwanza walipita milioni mbili, kutoka milioni moja na nusu hivi mwaka uliotangulia. Wazazi waliokuwa wamewaficha watoto wao nyuma ya michango walikuja nao wote kwa mpigo, wengine wa miaka sita, wengine wa tisa. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Mimi nilipokea 132. Nilikuwa na madawati 28. Kila dawati niliwabananisha wanne, na ishirini waliobaki walikaa chini, juu ya mifuko ya salfeti waliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Kwa miaka mingi nimeitumia idadi hiyo kama ngao. Mtu akiniuliza habari za mwaka ule naanza na 132, naye anatikisa kichwa kwa huruma, na mazungumzo yanaishia hapo. Leo nataka yaendelee.

Watoto wengi namna ile hutulia wakiimba. Mwalimu anasema "ma me mi mo mu", darasa linaitikia "ma me mi mo mu", na kelele yote inakuwa sauti moja. Nilifundisha hivyo kila siku, saa mbili asubuhi hadi kengele ya mapumziko. Nilitunga hadithi fupi ya bibi na kuku wake, nikaiandika kwenye manila, nikaitundika ukutani. Bibi ana kuku. Kuku ana vifaranga. Vifaranga wanakula pumba. Kuku mmoja amepotea. Bibi anamtafuta. Tuliisoma asubuhi, tukaisoma kabla ya kuondoka. Mtu aliyepita barabarani angesema darasa lile linasoma, na mimi mwenyewe nilisema hivyo.

Katika sauti ile moja kulikuwa na sauti iliyotangulia nyingine. Ilikuwa ya kijana wa miaka minane, mwembamba, mtoto wa mama mmoja muuza vitumbua. Alikuwa na sikio la ajabu. Jambo alilosikia mara mbili lilikuwa lake. Nikamfanya kiongozi wa kusoma: anashika fimbo ya kuonyeshea, anasimama mbele, anaongoza na wenzake wanafuata. Mimi nilipata nafasi ya kusahihisha madaftari.

Siku moja ya Septemba niliandika zile sentensi tano ubaoni nikiwa nimezichanganya, watoto wazipange upya. Nikamwita aongoze. Fimbo yake iligusa sentensi ya kwanza pale ubaoni, iliyosema "Kuku mmoja amepotea", naye akasoma kwa sauti kubwa: "Bibi ana kuku." Fimbo ikashuka kwenye "Bibi anamtafuta", mdomo ukasema: "Kuku ana vifaranga." Aliendelea hivyo hadi chini, bila kusita, fimbo ikipita chini ya kila neno kwa utaratibu kabisa. Darasa zima lilimfuata. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Mimi nilishtuka. Nilielewa palepale, tena si kuhusu yeye peke yake. Lakini wiki iliyofuata tulitarajia ugeni wa wadhibiti ubora, na darasa lililoimba vizuri lilikuwa fahari yangu. Nikafuta ubao. Wageni walipokuja nikarudisha manila ukutani, nikampa fimbo. Walimpigia makofi ya kilo. Mmoja alimshika bega akamwambia atakuja kuwa mwalimu. Niliuona uso wa mtoto yule ukichanua, na nilijua kwamba makofi yale yametokana na uongo wangu.

Tangu siku hiyo sikumpima tena. Mtu akisikia hivi atadhani nilimsahau kwa sababu ya wingi. Sivyo. Nilimkwepa. Niliwasomesha wengine mmoja mmoja nilipopata nafasi, yeye nilimruka, kwa sababu nilijua nitakachokikuta.

Kiswahili hakina kisingizio katika jambo hili. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake ileile popote uikutapo. Mtoto akishika irabu, akashika sauti za konsonanti, akajua kuziunganisha, mlango umefunguka. Kinachobaki ni yale makundi magumu kama mbw, ng' na nyw, nayo hayazidi uvumilivu wa mwalimu. Kumjua asiyesoma nako ni kazi ya dakika moja. Unampa neno ambalo hajawahi kuliona, unanyamaza, unasikiliza. Watoto 132 ni dakika 132, yaani saa mbili na dakika 12. Ukizigawa kwa siku tano za wiki hazifiki hata nusu saa kwa siku. Hesabu hii niliifanya baadaye sana, usiku, na niliirudia nikitumaini nimekosea.

Agosti 2018 mama yake alikuja shuleni. Kijana alikuwa darasa la tatu, tayari masomo yamekuwa mengi, tayari wameanza kumwita mtoro. Mama alikuja kwangu kwa sababu alisema mwanawe ananisikiliza mimi kuliko walimu wote.

"Mwalimu, huyu mtoto amekuwa muongo," aliniambia.

Yeye mwenyewe hakubahatika kusoma. Aliletewa barua kutoka kikundi chake cha vikoba, akampa mwanawe amsomee. Mtoto aliishika, akaitazama, akasoma bila kusita kwamba kikao kitakuwa Jumapili baada ya kanisa na kila mwanachama aje na hisa zake. Barua ilisema Alhamisi. Mama alikosa kikao, akapigwa faini. Alipouliza aliambiwa mbona barua imeandikwa wazi. Akarudi nyumbani akamchapa.

"Nimemsomesha anidanganye? Naomba umuonye, mwalimu."

Kijana alisimama nyuma ya mama yake, anakwangua ukuta kwa ukucha. Barua ile aliisoma kama alivyosoma siku zote pale mbele ya darasa: anashika karatasi, anatazama maandishi, anasema jambo linaloelekea. Ndivyo nilivyomfundisha. Ndivyo alivyopigiwa makofi. Kwake yeye huko ndiko kusoma, na sidhani kama mpaka siku ile alikuwa amejua kwamba wenzake wanafanya kitu kingine.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ofisini tulikuwa watatu tu. Nilimtazama mtoto nikamwambia: "Mtoto mzuri hamdanganyi mama yake."

Akajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Kati ya yote niliyoyafanya, hili ndilo linaloniamsha usiku. Orodha ya 2017 naweza kuieleza kwa woga, kwa aibu mbele ya wenzangu, kwa kutotaka shule yetu ionekane imeshindwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini siku ile ya Agosti mtoto alikuwa amechapwa kwa kosa langu, nami nikaongeza onyo juu yake. Aliponijibu alinitazama usoni, wala si kwa hasira. Alikuwa ananisubiri.

Novemba 2019 alifanya upimaji wa darasa la nne. Hakufaulu, akarudia darasa. Nilipoona jina lake Januari kwenye orodha ya wanaorudia, nilimwomba mwalimu wake aniachie kijana huyo kila siku baada ya masomo. Nilisema nataka kumsaidia. Neno hilo nalo halikuwa la kweli, maana kumlipa mtu unachodaiwa huwezi kukuita kumsaidia.

Kumfundisha kulikuwa kugumu kuliko kumfundisha mtoto mpya. Mdomo wake ulitangulia macho. Nikiweka picha, anasoma picha. Nikiweka sentensi, anasoma uso wangu: ananitazama, anabahatisha, anasubiri nyusi zangu zimwambie kama amepata. Ikabidi nikae nyuma yake asinione. Nikakata vipande vya boksi nikaandika maneno yasiyo na maana yoyote, pefu, mogi, tusole, ili sikio lake lisipate pa kujishika. Mara ya kwanza alikataa.

"Mwalimu, hilo si neno."

Nikamwambia kweli si neno, ni sauti tu, nisomee sauti. Alikaa kimya muda mrefu. Hapo nikaona kwamba herufi f hakuijua kabisa. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Machi 17, 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Nikaogopa kwamba kidogo tulichokipata kitapotea, nikaanza kumfuata nyumbani kwao jioni, tunakaa nje na vile vipande vya boksi. Siku moja nilimpa neno "shamba", naye akasoma polepole, kidole chini ya kila herufi: "sa-ha-mba." Amekosea, lakini kosa lile lilikuwa la macho yake mwenyewe. Aliiona s, akaiona h, akajaribu kuzipa kila moja sauti yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa amesoma kilichoandikwa. Nilishindwa kuzuia machozi, naye akadhani nimeudhika.

Mama yake alikuwa jikoni hatua chache kutoka pale, anageuza vitumbua kwa kijiti. Aliniuliza kwa nini mwalimu mzima najisumbua jua likizama kwa ajili ya mtoto mmoja wakati hata serikali imefunga shule. Nilimwambia. Nilimwambia habari ya ubao, ya wageni, ya orodha, na ya ile siku aliyokuja na barua ya vikoba. Nilimwambia mwanao hakukudanganya, mimi ndiye niliyewadanganya wote wawili.

Aliendelea kugeuza mpaka kikaango kikaisha. Akaepua. Kisha akamwita mwanawe, akampa kitumbua cha kwanza mkononi, jambo ambalo mwanawe alisema baadaye halijawahi kutokea, kwa kuwa vya kwanza ni vya kuuza. Hakumwomba radhi kwa maneno. Mimi hakuniambia amenisamehe, wala sikuomba jibu hilo. Alinikaribisha chai. Nilipoaga ndipo aliponiuliza:

"Na hao wengine?"

Nikajifanya sikuelewa.

"Umesema darasa zima lilimfuata na hakuna aliyeshtuka. Hao wengine, mwalimu?"

Usiku ule nilitoa daftari langu la maksi la 2017. Mbele ya majina fulani nilikuwa nimeweka nukta ndogo ya penseli, alama yangu ya siri ya wale nisiokuwa na uhakika nao, na wote hao kwenye orodha nimewaandikia "anasoma". Ukimtoa yeye, zilikuwa nukta kumi na moja. Shule zilipofunguliwa mwisho wa Juni nilianza kuwatafuta, wakati huo wenzao wako darasa la tano. Wanane niliwakuta palepale shuleni, nikawaunganisha naye jioni. Wawili walikuwa wamehama na wazazi wao kwenda upande wa Mvomero, nikapata namba ya simu ya mmoja. Wa kumi na moja ni msichana aliyekuwa anakaa chini, kwenye mfuko wa salfeti, karibu na mlango. Huyo hadi leo sijampata.